Yule Twiga Mnayepiga Naye Picha Nairobi ni Mtu wa Soy

Ile picha mnaijua. Meza ya kiamsha kinywa imeandaliwa, dirisha liko wazi, na twiga ameingiza kichwa ndani kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Inapigwa Giraffe Manor, Langata. Kila wiki kuna mtu maarufu ameiweka Instagram, na kila wiki sisi wengine tunaibonyezea moyo halafu tunarudi kuhesabu kama nauli ya kesho iko. Sasa wacha niwaambie kitu ambacho sijaona mtu akiandika chini ya hiyo picha. Huyo twiga si wa Nairobi. Watu wake walitoka Soy. Soy hii yetu, ukitoka Eldoret na barabara ya Kitale, kilomita ishirini na kitu, matatu moja tu.

Hata mimi sikujua hadi mwaka jana, na nimezaliwa hapa.

Ilikuwa mwezi wa nane. Tulikuwa wanne ndani ya Probox ya kukodi, kamera moja ya maana, lenzi ndefu ya kuazima, na simu tatu za kujaziliza. Tuliondoka Eldoret saa tisa usiku ili tufike geti la Ziwa Nakuru likifunguliwa, kwa sababu ukikosa mwanga wa asubuhi wanyama wote wanatoka rangi ya vumbi. Timboroa ilikuwa na ukungu mpaka dereva akafungua dirisha atoe kichwa. Lakini tulifika. Faru tulimwona mgongo tu. Twiga ndio walitubeba: saba, wamesimama katikati ya migunga ya manjano, jua likiwapiga ubavuni. Nilipiga picha mpaka betri ikaanza kulia. Tukirudi tukasimama pale ikweta tupige ile picha ya lazima, mguu mmoja kusini, mwingine kaskazini, tukanunua karoti barabarani, tukalala njia yote iliyobaki isipokuwa dereva, tunamshukuru Mungu.

Ile kontenti ilifanya vizuri. Bado ndiyo imetazamwa zaidi kwa ukurasa wangu.

Wiki moja baadaye nikaenda ushago kumwona kogo, yaani shosho yangu mzaa baba. Anaishi upande wa Ziwa, si mbali na Soy. Nikamwonyesha picha kwa simu nikitegemea aseme, aki mtoto wangu ameona dunia. Akashika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaniambia, "Hawa walikuwa hapa."

Nikadhani amechanganya na pundamilia au sijui nini. Nikamwambia, "Kogo, hii ni Nakuru." Akanitazama vile wazee hutazama mtu amesoma na bado hajui. "Nimekwambia walikuwa hapa. Si unaona miguu? Nyeupe, kama wamevaa soksi. Walikuwa wanavunja waya ya mzungu, babu yako ndiye alikuwa anatumwa kuirudisha."

Nikarudi tao, nikaanza kusoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina mwalimu wa kunituma maktaba, lakini hii ilininyima usingizi. Na kogo alikuwa sahihi, hadi kwa soksi.

Twiga wa aina ile anaitwa twiga wa Rothschild. Unamtambua kwa miguu: kuanzia magotini kwenda chini hana mabaka, ni nyeupe tupu. Dume mkubwa anaweza kuwa na pembe tano badala ya mbili au tatu. Siku hizi wataalamu wengi wanamhesabu pamoja na twiga wa Nubia, lakini jina la zamani bado liko kila mahali. Lilitolewa mwaka 1903 na Mwingereza mmoja, Richard Lydekker, kwa heshima ya Walter Rothschild, tajiri aliyekuwa na makumbusho yake binafsi ya wanyama huko Tring, Uingereza. Sasa, wanasayansi wakimpa mnyama jina lazima waandike ni mahali gani hasa mnyama wa kwanza alitoka. Wa huyu waliandika nini? Nyanda za Uasin Gishu, mashariki mwa Mlima Elgon.

Soma tena. Kwa karatasi za dunia nzima, anwani ya nyumbani ya huyo twiga ni kaunti yetu. Na hapa Eldoret tunamlipia kiingilio Nakuru.

Hii nyanda, kabla ya ngano na mahindi, ilikuwa vile mnaona Mara kwenye video. Kongoni, taya, twiga, simba, na ndovu ukielekea mto Nzoia. Watu hawakuwa wengi kwa sababu Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya kumi na tisa. Wazungu walipoiona wakasema haina mwenyewe. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa tayari hata kuwapa Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi, kisha tume ikaja kukagua na mpango ukafa. Mwaka 1908 wakafika Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Posta ikafunguliwa kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanaita tao Sisibo. Jina Eldoret lilikuja 1912.

Sasa hapo katikati, kati ya 1908 na 1912, ndipo stori ya picha inaingia, na mimi kama mtu wa kamera hapa ndipo nilikaa sana.

Novemba 1909 alikuja Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa rais wa Marekani mwezi wa tatu mwaka huo. Alikuwa kwa safari ndefu ya kukusanyia makumbusho ya Smithsonian wanyama, na kijana wake Kermit ndiye alikuwa na kamera. Wakatoka kwa reli pale Londiani wakapanda huku kwa miguu na farasi. Baba na mwana peke yao waliua wanyama 512 safari nzima. Mtu akiniambia hiyo ilikuwa sayansi nitamsikiliza, lakini nitamsikiliza nikiwa nimekunja mikono.

Upande wa Sergoit, ule mlima wa mawe mnaoupita mkienda kupiga picha za jua likizama, Roosevelt alitaka kuona Wanandi wakiua simba kwa mkuki. Wakaletwa vijana. Wakamzunguka simba, duara likawa dogo, simba akaruka, mikuki ikaingia, na kijana mmoja akararuliwa. Roosevelt aliandika kuhusu hiyo siku kwa kitabu chake cha mwaka 1910 kwa furaha kubwa.

Kitu kimoja kiwekwe mahali pake. Miaka minne kabla, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo Wanandi wakashindwa vita na kusukumwa kwenye rizavu. Kwa hivyo hao vijana wa Sergoit si watu wa kale kale wasiojua dunia. Ni watu waliotoka kupigwa na bunduki juzi tu, na sasa wanaambiwa na wageni wenye bunduki, hebu tuonyesheni vile mlikuwa mnafanya na mikuki. Sijui kama kuna neno la hiyo. Leo tungesema wameitwa wafanye kontenti.

Na kulikuwa na mwingine. Carl Akeley, Mmarekani, fundi wa kukausha wanyama wa makumbusho. Alikuwa huku wakati huo huo na alikutana na Roosevelt hapa hapa nyandani. Akeley hakutaka picha ya simba amelala amekufa. Alitaka picha inayotembea: simba anaruka, mkuki unaondoka mkononi. Mwaka 1910 akapanga na Wanandi, akaleta kamera ya filamu.

Akakosa.

Si kwamba Wanandi walikosa. Wao walifanya kazi yao siku baada ya siku. Kamera ndiyo ilishindwa. Kamera za filamu za wakati huo zilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu. Mkono mmoja unazungusha filamu. Ukitaka kugeuza kamera kushoto au kulia kuna kijiti chake cha kuzungusha, ukitaka kuinua au kuteremsha kuna kingine. Una mikono mingapi? Kufikia wakati umeigeuza, simba ameshakufa na watu wameanza kuimba. Mimi nimewahi kukosa ndege akiruka kwa sababu nilisahau kubadilisha kasi ya kamera, kwa hivyo kwa hilo moja namwelewa Akeley kabisa.

Aliporudi kwao akakaa chini akaunda kamera yake. Ya mviringo, nyepesi, imekaa juu ya kichwa kinachozunguka laini, unaigeuza popote kwa mkono mmoja huku mwingine unazungusha filamu. Watu wa sinema waliibandika jina la ile chapati tamu ya kizungu kwa sababu ya umbo lake. Alipata hataza yake mwaka 1915. Jeshi la Marekani likaitumia kwenye Vita vya Kwanza. Robert Flaherty akaenda nayo kwenye barafu kupiga *Nanook of the North*, iliyotoka 1922. Mwaka 1921 Akeley mwenyewe aliipeleka Kongo akawa wa kwanza kupiga filamu ya sokwe wakubwa wa milimani wakiwa porini. Baadaye akawasukuma Wabelgiji mpaka wakatenga hifadhi mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga. Alifia huko huko mlima Mikeno mwaka uliofuata.

Kwa hivyo ukiona leo mtu anamfuata duma na kamera bila kutikisika, kuna uzi unaorudi nyuma hadi nyanda hii, hadi kwa vijana wa Kinandi waliokuwa wepesi kuliko mashine. Kamera inaitwa Akeley. Ingeweza kuitwa Sergoit, au jina la mmoja wa wale walioifanya ionekane mzee. Haikuitwa.

Lakini turudi kwa twiga, maana nimewaacha wamesimama.

Shamba na twiga havipatani. Twiga haoni waya, anapita nayo. Makaburu na Waingereza walipanda ngano na mahindi, wakaweka nyaya, na wanyama wakamalizwa kidogo kidogo: wengine kwa bunduki, wengine kwa kukosa tu mahali pa kwenda. Uhuru ukaja, mashamba makubwa yakaanza kukatwa. Kufikia miaka ya 1970 mwanzoni, twiga wa Rothschild wa Kenya walikuwa wamebaki kama 130, na waliobaki walikuwa kwenye ranchi moja ya ekari 18,000 huko Soy. Ranchi yenyewe ilikuwa inaenda kugawanywa.

Mwaka 1974 mke na mume, Betty na Jock Leslie-Melville, yeye Mmarekani, bwana Mkenya wa asili ya Uskoti, wakachukua mtoto wa twiga kutoka Soy wakampeleka kwao Langata, kwa ile nyumba ya mawe iliyojengwa 1932. Wakamwita Daisy. Wakaongeza dume, wakamwita Marlon. Betty akaandika kitabu, kikafanywa filamu mwaka 1979, na mwaka huo huo wakaanzisha shirika lao. Mwaka 1983 Giraffe Centre ikafunguliwa kwa umma. Kama ulipelekwa pale na shule darasa la tano ukalambwa mkono na ulimi mrefu kama mshipi, sasa unajua. Ile nyumba ikawa hoteli. Bei ya usiku mmoja siitaji, nisije nikaharibu siku ya mtu.

Twiga wengine wa Soy walibebwa na malori hadi Ruma, Mwea, Nasalot, na mwaka 1977 Ziwa Nakuru. 1977 ni mwaka ule ule Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na kuanzia hapo mtalii akabaki na kamera peke yake. Wale saba niliowapiga picha, waliotupatia watazamaji, ni wajukuu wa wakimbizi kutoka kijiji cha kogo.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kazi ile ilikuwa nzuri. Bila hao wawili pengine huyo twiga angekuwa amebaki kwa vitabu tu, na nawashukuru. Lakini nilipokuwa nasoma stori yao nikafika mahali panaposema kwa nini twiga walikuwa hatarini: kwa sababu ranchi ilikuwa inagawiwa maskwota. Basi. Neno moja, sentensi inaendelea. Twiga wana majina, Daisy na Marlon. Waliopewa ardhi ni maskwota.

Babu yangu alirekebisha waya za mzungu miaka mingi. Kazi ilipoisha na mashamba ya upande ule kuanza kukatwa, akapata ekari tano. Hizo ekari tano zilimsomesha baba, halafu zikanisomesha mimi kwa mahindi, gunia kwa gunia, hadi mwaka wa pili wa chuo ambapo mahindi yalilipwa wakati karo ilikuwa imeshanipita. Skwota mnayemsoma kwa hiyo stori ni yeye. Hakuwa na ubaya na twiga. Kogo anasema alikuwa anawacheka, anasema wanatembea kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto. Lakini kati ya twiga na mahindi angechagua mahindi, na mimi niliyeshiba hayo mahindi siwezi kusimama hapa na kamera nimwambie alikosea.

Hiyo ndiyo shida yangu na picha zetu, zangu zikiwa za kwanza. Tunaendesha masaa matatu kwenda kupiga twiga kwenye fremu isiyo na mtu, waya wala nguzo ya stima. Nakuru nilisogea hatua tatu ili uzio usionekane. Watu wa Roosevelt walitaka Mwafrika awe ndani ya picha lakini bila jina. Sisi tumeendelea mbele, tumemtoa kabisa.

Kuna picha nyingine napenda zaidi, na si yangu. Ziwa Baringo, chini huko ukipita Kabarnet. Mwaka 2011 twiga wa aina hii hii walirudishwa kwenye rasi ya Longicharo, na wenyeji wa Ruko, ambao ni Wapokot na Wailchamus waliokuwa wakipigana zamani, wakakubaliana kuwalinda pamoja. Halafu ziwa likapanda, rasi ikawa kisiwa, na chakula kikaanza kuisha. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 waliwatoa kwa chombo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu. Kwenye zile picha twiga amesimama katikati ya maji amefunikwa macho, na kando yake kuna watu kwenye mashua wanamsindikiza. Watu wanaonekana. Maembe hayaonekani lakini walikuwa wanawavutia kwa maembe, nimependa sana hiyo.

Baada ya kusoma haya yote nilichukua matatu ya Soy na kamera ile ile. Kogo akanipeleka na bakora yake kupitia kwa mashamba ya watu, akisalimia kila boma, na kila boma kulikuwa na chai, kwa hivyo kilomita mbili zilichukua masaa matatu. Tukafika kwa mgunga mmoja mkubwa uliobaki kwenye mpaka wa shamba, mahindi pande zote. Akanyoosha bakora juu. "Kichwa chao kilikuwa kinafika pale, kwa lile tawi lililovunjika. Walikuwa wanakula juu, ng'ombe wetu wanakula chini."

Nikamwambia asimame chini ya mti nimpige picha. Akakataa. Ikabidi turudi nyumbani abadilishe kitambaa cha kichwa, tena turudi, na mwanga mzuri ulikuwa umeshaenda. Nikapiga hivyo hivyo: mti, mahindi, kogo, bakora ikionyesha mahali ambapo hakuna kitu. Nikaandika chini jina lake lote, la kanisani na la nyumbani, na jina la kijiji.

Mtandaoni ilipata mioyo arobaini na moja. Ya Nakuru ilikuwa imepata elfu na kitu. Lakini kogo alitaka ichapishwe, nikachapisha tano kwa studio ya tao, na moja ikafika kwa mzee jirani wa upande wa pili wa mto. Mzee ametuma ujumbe kwamba ule mti si wenyewe. Anasema yeye alikuwa mchungaji hapo, twiga walikuwa wanasimama upande wake, na kogo wakati huo alikuwa hata hajaolewa kule. Kogo amekasirika sana.

Jumamosi naenda kwa huyo mzee. Amesema nibebe kamera kubwa, ya simu hataki.